Wasifu wa shangazi aliyezaliwa kiziwi

Pole sana kwa msiba, ndugu. Umesema shangazi yako alizaliwa kiziwi, akawa fundi cherehani, na kila ukiandika wasifu wake unageuka habari ya ulemavu tu.

Anza na kazi yake. Uziwi utaje mara moja, kwenye aya ya kuzaliwa, basi. Futa "bubu", "aliteseka" na "licha ya ulemavu wake". Andika yanayoonekana: alivyoelewana na mteja kuhusu mshono, alivyowakaripia watoto. Waulize viziwi wenzake. Utani wake wao ndio wanaujua, kwani ndugu wasiojua lugha ya alama mengi yaliwapita. Wakupe na jina lake la alama, yaani ishara ya mkono waliyomwitia, lioneshwe mbele ya waombolezaji.

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Mkalimani wa lugha ya alama mtafute leo hii, CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) ni pa kuanzia. Mpe nakala mapema: majina ya watu na vijiji huyataja kwa vidole, herufi moja moja, kwa hiyo msomaji asikimbie. Mkalimani asimame kando ya msomaji, mwanga ukimpiga usoni. Jua likiwa mgongoni mwake, mikono haisomeki. Viti vya mbele waachieni viziwi.