Harusi imekolea, spika zinakwaruza

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Tunapiga taarabu kwenye harusi za huku Kisauni. Usiku akina mama wakiingia chakacha, mwenye shughuli anataka sauti iongezwe. Nikiongeza, mwimbaji anakwaruza. Nikishusha masta, ile ya sauti yote inayotoka kwenye mixa, sauti inapungua lakini mkwaruzo uko pale pale. Twita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimeshaungua. Ninunue amplifaya kubwa zaidi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue kitu bado. Kama umeshusha masta na mkwaruzo haukuondoka, basi sauti inaharibika kabla ya kufika huko, kwenye geini ya maikrofoni, kile kitufe cha mixa kinachokuza sauti inapoingia. Wimbi likizidi uwezo wa mixa, vilele vyake hukatwa, na kilichokatwa hakirudi hata uzungushe nini huko mbele.

Kwa hivyo mpime mwimbaji mapema, naye aimbe kweli, kwa nguvu ya saa sita usiku. Hizo “moja, mbili” za kunong'ona zinakudanganya. Pandisha geini hadi taa zicheze kwenye kijani na kugusa manjano; nyekundu isiwake. Kisha bonyeza kitufe cha kukata besi kwenye chaneli yake, kile cha 80 au 100 Hz. Uimbaji haupotezi kitu hapo, na amplifaya inapata nafasi. Kwenye ekolaiza, punguza kinachokukera kuliko kupandisha vingine vyote. Taarabu ni maneno: mgeni asiposikia shairi, tumemnyima alichokuja kusikiliza.

Twita zako naamini ziliungua kwa sababu hiyo hiyo. Wimbi lililokatwa vilele huzaa masafa ya juu yasiyokuwamo kwenye wimbo, na yote hupitia koili nyembamba ya twita. Amplifaya ndogo iliyolazimishwa huunguza vilevile. Hesabu pia spika zako: nne za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikifungwa sambamba kwenye chaneli moja zinabaki omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi haziuwezi.

Na mwenye shughuli? Kutoka wati 500 hadi 1000 unapata desibeli 3 tu, ambazo wageni watazihisi kidogo. Lakini uwanjani, ukipunguza umbali wa spika na msikilizaji kwa nusu unapata kama desibeli 6, bure. Inua spika kwenye stendi zipite vichwa vya watu, na jozi nyingine isogeze karibu na wale wa nyuma wanaolalamika.

Panga geini kwanza, ndipo ufunge twita mpya.