Maswali ya Wasomaji: Shelfu za Duka Zinazopanda na Kushuka

Habari za kazi. Nina duka la vyakula na vitu vidogo vidogo Mbagala. Shelfu zangu zimepigiliwa misumari moja kwa moja, hivyo Ramadhani ikifika tende na unga wa ngano havina pa kukaa, na Januari madaftari yanalala sakafuni. Ukuta una mita 2.4. Nataka shelfu ambazo naweza kuzipandisha na kuzishusha mwenyewe. Fundi wa kuchomelea anasema nguzo tatu zinatosha ukuta mzima. Ni kweli? – Msomaji, Mbagala

Hapana, ndugu yetu, weka sita. Nguzo tatu kwenye mita 2.4 zinaachana sentimita 120, na ubao wa MDF (unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) wa milimita 18 hauhimili umbali huo ukipangwa sukari na mafuta ya kula. Nguzo zikiachana mara mbili, mzigo ukiwa uleule kwa kila mita, ubao unapinda mara 16 zaidi. Halafu nguzo ya katikati itabeba mbao za kulia na za kushoto pamoja, kwa hiyo ukishusha upande mmoja lazima ushushe na wa pili. Hapo utakuwa umelipia shelfu ya kurekebisha usiyoweza kuirekebisha.

Kata mbao za sentimita 120 kwa 30. Shiti moja la futi 8 kwa 4 linatoa nane. Kila ubao uwe na nguzo zake tatu: moja sentimita 10 kutoka kila ncha, na ya tatu katikati. Zinaachana sentimita 50, na upande wa kulia hautegemei wa kushoto. Kwa ngazi sita, yaani safu sita za shelfu moja juu ya nyingine, unahitaji mbao 12 (mashiti mawili, na mbao nne zinabaki za akiba), mikono 36, yaani vyuma vinavyotoka kwenye nguzo kubeba ubao, na bolti 72.

Nguzo ziwe za skwea paipu (bomba la mraba) ya milimita 40 kwa 40, unene usiopungua milimita 1.5. Bomba la mita 5.8 linatoa nguzo tatu za mita 1.9, kwa hiyo mabomba mawili yanamaliza kazi. Matundu ya milimita 9 yatobolewe ubavuni, yatokee upande wa pili, kuanzia sentimita 20 kutoka chini mpaka 180, kila baada ya sentimita 5. Hayo ni matundu 33 kwa kila nguzo. Yasitobolewe usoni, kwa sababu nguzo ikishaegemea ukuta hutapata nafasi ya kushika nati kwa nyuma.

Kazi nyingi huharibika kwenye kutoboa. Fundi akipima kila nguzo peke yake kwa futikamba, tundu la kumi kwenye nguzo ya kwanza na la kumi kwenye ya tatu yatapishana milimita mbili au tatu, na ubao utacheza kama meza mbovu. Mwambie atoboe nguzo moja kwa uangalifu, kisha aitumie kama fomu: aibane juu ya nyingine kwa klampu, apitishe bolti kwenye tundu la kwanza na la mwisho ili zisisogee, ndipo atoboe yaliyobaki. Kabla ya kuzifungua apake alama ya rangi upande wa chini wa kila nguzo. Nguzo moja ikisimamishwa kichwa chini, matundu yake yataanza sentimita 10 kutoka chini na kuishia 170, na makosa madogo ya kupima yatayafanya yapishane na ya wenzake.

Mkono ni skwea paipu ya milimita 20 kwa 20, urefu sentimita 27, iliyochomelewa kwenye mabapa mawili ya flatibaa (chuma bapa) ya milimita 4 yanayokumbatia nguzo. Kati ya mabapa iachwe nafasi ya milimita 42, maana rangi nayo ina unene. Bolti mbili za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, zenye urefu wa milimita 60 ziachane sentimita 10, yaani ziruke tundu moja. Mkono ukibeba kilo 20, kila bolti inavutwa kwa karibu kilo 30. Zikikaribiana kwa sentimita 5, mvuto unakuwa kilo 60. Kaza kwa spana namba 13 mpaka mkono utulie, basi. Ukikaza kwa nguvu zote kuta za bomba zinaingia ndani, na mkono hautahama tena kirahisi.

Nguzo zisimame sakafuni, zisining'inie ukutani. Matofali mengi ya saruji hapa mjini yana mchanga mwingi, na plagi ya plastiki inayoshika skrubu inachomoka. Uzito ukishukia sakafuni, kishikio cha juu kinachofunga nguzo ukutani kinavutwa kwa kama kilo 10 tu hata ngazi zote sita zikijaa, na skrubu inayopita lipu na kuingia kwenye tofali lenyewe sentimita 5 inatosha.

Biskuti, sabuni na viberiti vinachanganyikana kwenye shelfu, kila jioni napanga upya. Nikipigilia vibao vya kutenganisha, kesho bidhaa inabadilika ukubwa. – Msomaji, Tandika

Usipigilie chochote, dada. Chukua bati bapa la geji 26, kata vipande vya sentimita 28 kwa 20. Kila kimoja kunja ukingo wa juu sentimita 1 usikate mikono, kisha kipinde kiwe kama herufi L: mguu sentimita 8, ukuta sentimita 11. Bati la futi 8 kwa 4 linatoa vipande 48. Mguu unalala chini ya bidhaa, na uzito wa bidhaa yenyewe ndio unaoushikilia. Ukitaka kupanua, inua pakiti mbili, sogeza, rudisha.

Kila chumba kiwe kipana kuliko bidhaa kwa sentimita 1. Kikibana zaidi, mteja anavuta pakiti moja zinakuja tatu. Ila sabuni na dawa za mbu bati halizitoshi. Harufu inapita juu yake na kuingia kwenye unga na majani ya chai, kwa hiyo zihamie ngazi nyingine, upande wa pili wa duka.

MDF au plaiwudi? – Msomaji, Kigamboni

Kwa ngazi za juu MDF inafaa, mradi kingo zote zilizokatwa zipakwe rangi mara mbili, hata ile inayotazama ukuta. Unyevu wa pwani unaingilia hapo, na ukingo ukishavimba haurudi. Ngazi ya chini kabisa iwe plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, sentimita 20 kutoka sakafuni, ufagio na tambara la kudekia vipite bila kuigusa.