Uanze na Dune ipi, kati ya filamu zilizotolewa kwenye kile kitabu cha hadithi za kisayansi?
Mi nasema anza na za mwongozaji Denis Villeneuve, ya 2021 na ya 2024, maana kitabu kakigawa vipande viwili stori ikapata pumzi. Ya mwongozaji David Lynch ya 1984 wamekibana chote kwenye masaa mawili na kitu, kila mtu ananong'ona mawazo yake mpaka unachoka, afu mwisho eti mvua inanyesha Arrakis, ile sayari ya jangwa, kitabuni haipo hiyo! Ila pale Paul, kijana mhusika mkuu, anapojaribiwa kwa kuingiza mkono kwenye boksi la maumivu, Lynch anakuonesha nyama inavyoungua, wakati ile mpya kamera inang'ang'ania uso wake na mama yake anatetemeka nje ya mlango, na hiyo ndo ilonikaba zaidi. Tamthilia ya TV ya 2000 jangwa lake la kuchora kabisa lol, ila inafuata kitabu vizuri.