Jibu: Kutofautisha uhalisia, Brecht na ubwege kwenye tamthilia

Mkuu uliyeuliza namna ya kutofautisha uhalisia (kuonyesha maisha yalivyo), tamthilia za Brecht, yule mtunzi wa Kijerumani, na ubwege (kuonyesha maisha kama yasiyo na maana wala mantiki): hilo jedwali la sifa ulilopewa liweke pembeni kwanza. Nimeigiza nikiwa chuo, baadaye nikafundisha fasihi sekondari, na wanafunzi wangu walianza kuelewa nilipowauliza hivi: mtunzi anataka mtazamaji afanye nini pale alipokaa?

Tuanze na uhalisia. Chukua mtunzi Ibsen wa Norway. Tamthilia yake A Doll's House ilichezwa mara ya kwanza Copenhagen, 1879. Hakuna mfalme wala shairi. Ni sebule, mume anayefanya kazi benki, na deni ambalo mke amelificha. Unachungulia maisha ya watu ambao hawajui kwamba upo. Mwishoni mke huyo, Nora, anaacha mume na watoto, anafunga mlango, huyo kaenda. Watu walichachamaa! Ujerumani mwigizaji mmoja maarufu alikataa katakata kuucheza mwisho huo, ikabidi Ibsen mwenyewe, shingo upande, aandike mwingine ambamo mama anabaki. Huo ndio uhalisia ukifanya kazi: unamgombeza mhusika kama jirani yako. Wa uasilia, waliotaka jukwaa lifanane kabisa na maisha halisi, walizidisha tu. Mwongozaji Antoine wa Paris alifika hadi kutundika nyama halisi jukwaani.

Brecht hataki usahau kwamba uko kwenye mchezo. Ndiyo maana ya mabango, nyimbo zinazokatiza kisa, mwigizaji anayekugeukia na kukusemesha. Lia ukitaka, lakini ujiulize nani kasababisha.

Hapa ndipo Ebrahim Hussein, mtunzi wetu wa tamthilia wa Tanzania, anapoingia, maana alisomea uzamivu Berlin Mashariki, mji alikofanyia kazi Brecht. Tulipoigiza tamthilia yake Mashetani (1971), watu walizama kabisa kwa Shetani na Binadamu pale mbuyuni. Ilipobainika kwamba ni Juma na Kitaru, wanafunzi waliokuwa wakicheza mchezo wao, mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti: "Kumbe wanatuchezea!" Hajawahi kumsoma Brecht, lakini kashika jambo lenyewe.

Ila usikimbilie kuandika kwamba Hussein kaiga Wajerumani. Mtambaji wa hadithi husemezana na hadhira tangu enzi, na tamthilia yake nyingine, Jogoo Kijijini (1976), imesimama juu ya utambaji huo. Brecht naye alichota kwa waigizaji wa Kichina baada ya kumwona mmoja wao, Mei Lanfang, huko Moscow mwaka 1935.

Ubwege ni mfupi kueleza. Chukua tamthilia Waiting for Godot ya mtunzi Beckett (Paris, 1953): watu wawili wanamsubiri mtu chini ya mti, hatokei, sehemu ya pili wanasubiri tena. Ukichoka kitini, ujue na wewe umeingizwa kwenye kusubiri huko.

Na kama mmepangiwa Mashetani, soma maelezo ya jukwaani kabla ya mazungumzo. Wengi huyaruka, wakati ushahidi wa kumwonyesha msahihishaji uko humo.