Kumzoesha Mtoto wa Mbwa Kubaki Nyumbani Peke Yake

Mtoto wa mbwa wa wiki nane hajawahi kulala peke yake hata siku moja. Tangu azaliwe amebanana na ndugu zake, joto la mama likiwa karibu. Ghafla anahamishiwa nyumba asiyoijua harufu yake, na siku mbili tatu baadaye watu wote wanafunga mlango na kwenda zao. Kilio chake hapo si ujeuri wala kudeka. Kwa mnyama mdogo hivyo, kuachwa na wenzake ni hatari ya kufa, na mwili wake unaitikia hatari hiyo: moyo unakwenda mbio, anahema, anatafuta pa kutokea.

Ndiyo maana hatukubaliani na ushauri wa kumwacha alie mpaka achoke. Anayenyamaza baada ya saa nzima ya kulia hajajifunza kwamba kubaki peke yake ni salama. Ameishiwa nguvu tu, na kesho huenda akaanza kulia mapema zaidi, pengine mara anapokuona unavaa viatu. Hofu hukomaa kwa kurudiwa. Kinachomfunza utulivu ni kuachwa mara nyingi kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba hofu haipati nafasi ya kuanza.

Anza na mahali pa kumwacha. Kizimba kinafaa ikiwa ameshazoea kuingia na kulala humo mwenyewe mlango ukiwa wazi, na kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala akiwa amejinyoosha. Asiyekizoea usimfungie humo, kwa sababu atakuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja. Kwa watoto wengi tunapendelea uzio wa vipande vinavyounganishwa, wenye eneo la kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu: upande mmoja kitanda, upande wa pili mahali pa kukojolea, na bakuli zito la maji lisilopinduka kirahisi. Mvue mkanda wa shingoni, maana unaweza kunasa kwenye vyuma na kumkaba. Ondoa nyaya za umeme, kamba na vitu vidogo vya kumezeka. Chokoleti, zabibu (mbichi na kavu), vitunguu, dawa za binadamu na chochote chenye zailitoli, ile sukari mbadala ya kwenye bazoka na peremende, vikae asipoweza kufika hata akivuka uzio. Ni sumu kwake.

Kibofu nacho kina mipaka yake. Kwa makadirio, mchana anaweza kujizuia kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, ukiongeza moja: wa miezi miwili saa tatu, wa miezi mitatu saa nne. Hicho ni kikomo cha juu, wengine hawakifikii. Tena kinahusu mkojo tu. Mtoto anaweza kujizuia saa tatu na bado akashindwa kuvumilia dakika tatu za upweke.

Mazoezi ya kwanza hayahusu mlango wa nje kabisa. Mtoto anayekufuata hadi bafuni hawezi kuelewa kwa nini umetoka nyumbani. Weka kizuizi kifupi mlangoni mwa chumba, mpe kitu cha kutafuna, kisha kaa upande wa pili akikuona. Akishatulia na kuendelea na shughuli yake, jiondoe machoni pake kwa sekunde mbili, urudi bila mbwembwe. Rudia kwa siku kadhaa mpaka asiinue hata kichwa.

Halafu ndipo mlango wa nje. Chagua wakati ambao ameshakula, ameshakojoa, amecheza kidogo na macho yanaanza kulegea. Watoto wa mbwa hulala kama saa 18 kwa siku, kwa hiyo kila siku ina nafasi nyingi za namna hiyo. Shika kitasa, kiachie, ukae. Fungua mlango, ufunge ukiwa ndani. Toka, funga, rudi papo hapo. Hatua hizi zikiwa hazimshtui, anza kuhesabu sekunde, lakini usipande ngazi moja kwa moja. Mfululizo mzuri unaweza kuwa sekunde 5, 10, 3, 15, 8, 20. Ukiongeza kila mara, atagundua kwamba kila unavyotoka inakuwa vibaya zaidi, na ataanza kuhangaika mapema. Pumzika dakika moja au mbili kati ya kutoka na kutoka. Mara tano au sita kwa siku zinatosha, na siku moja au mbili kwa wiki ziwe za mapumziko.

Bila kamera unabahatisha. Simu mbili zinatosha: moja ibaki ndani ikirusha picha, nyingine uwe nayo mkononi. Usisubiri alie. Angalia dalili zinazotangulia: anapiga miayo ilhali hana usingizi, analamba midomo, anainua mguu mmoja wa mbele, anaacha chakula, anasimama akikodolea mlango. Ukiziona zinaongezeka, rudi. Akiwa ameshalia, rudi pia, kisha kesho anza na nusu ya muda ule. Wapo wanaoogopa kwamba kurudi kutamfundisha kulia ili afunguliwe. Kwa mtoto aliyeogopa kweli, hofu si mbinu ya kupata kitu, na kumtuliza hakuikuzi. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya dakika.

Dakika za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Kufika dakika tano kunaweza kuchukua wiki nzima au zaidi, na kutoka hapo hadi nusu saa wiki nyingine kadhaa. Wanaoshindwa kutulia huonyesha mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa hiyo akiweza kulala dakika 40 bila wasiwasi unaweza kuongeza dakika 10 au 15 kwa mara moja. Kuna watoto wanaovuka yote haya kwa siku chache. Mwache kasi aipange mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: katika kipindi chote hiki asiachwe kwa muda unaozidi uwezo wake. Ukifanya mazoezi ya dakika mbili asubuhi kisha ukamwacha kwa muda wa saa nne mchana, saa nne hizo zinabomoa ulichojenga. Tafuta jirani, ndugu, rafiki, au mlinzi wa wanyama wa kulipwa. Gawaneni zamu nyumbani. Nenda naye pale panaporuhusiwa, ukimbeba kama chanjo hazijakamilika. Ni gharama na usumbufu, tunakiri, lakini ni wa wiki au miezi michache.

Usiku hesabu ni hiyo hiyo. Alale kwenye boksi au kizimba karibu na kitanda chako, kisha ukisogeze hatua moja kila baada ya siku chache kuelekea unapotaka alale. Anayelala kwa utulivu usiku hujifunza mchana kwa urahisi zaidi.

Midoli ya kujazwa chakula inasaidia, ila hutumiwa vibaya. Loanisha chakula chake cha kawaida, kijaze, kigandishe kwenye friza, nacho kitamshughulisha dakika 15 hadi 20. Shida ni kwamba kikiisha, ndipo anapogundua yuko peke yake. Na kama humpi isipokuwa unapotoka, mdoli wenyewe unageuka tangazo la kuachwa. Mpe pia siku ambazo uko nyumbani umekaa. Funguo na viatu vivyo hivyo: vishike mara kwa mara bila kwenda popote. Akiacha chakula unapotoka na kukila mara unaporudi, amekuambia wazi kwamba alikuwa anaogopa.

Ukikuta uharibifu, tazama uko wapi. Mikwaruzo kwenye mlango na kingo za madirisha, mate yaliyolowesha kitanda, mkojo wa dakika za mwanzo: hiyo ni hofu. Kiatu kilichotafunwa baada ya saa mbili za utulivu ni uchovu wa kukaa bure, au meno yanayobadilika kati ya miezi mitatu na saba. Huyo anahitaji mazoezi zaidi ya mwili na vitu halali vya kutafuna. Kwa vyovyote usimgombeze. Sura ile inayoonekana ya majuto ni woga wa hasira yako, hauhusiani na alichofanya saa moja iliyopita. Safisha mkojo kwa kisafishio chenye vimeng'enya (enzaimu), na epuka chenye amonia, kwa kuwa harufu yake inakaribia ile ya mkojo na inaweza kumwita arudie palepale.

Mikanda ya shingoni ya kuzuia kubweka isikaribie mtoto huyu. Humnyamazisha na kuacha hofu palepale. Kuongeza mbwa wa pili nako mara nyingi hakusaidii, maana anachokosa ni mtu.

Akijiumiza kucha au meno akijaribu kutoka, au ikipita wiki tatu nne bila kuvuka hata dakika moja, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Atachunguza kwanza kama kuna maumivu au ugonjwa wa mkojo. Ikibidi anaweza kuandika dawa za kupunguza wasiwasi kama fluoxetine au clomipramine, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na huenda sambamba na mazoezi haya. Usimpe dawa ya usingizi kwa uamuzi wako: mwili unaweza kulegea huku hofu iko macho.

Akishaweza kubaki saa tatu au nne, usishangae akirudi nyuma baada ya kuhama nyumba, kuugua, au likizo ndefu ambayo kila mtu alikuwepo. Rudi kwenye dakika tano, ukiwa na kamera, na umpandishe upya. Safari hii kwa kawaida hupanda haraka zaidi kuliko ile ya kwanza.