Robertinho alishahukumiwa kabla ya zile tano

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki kocha kufukuzwa kwa sababu ya kufungwa na mtani. Mmeuliza kwa jumla, ila sisi wa Msimbazi, yaani Simba, tunajua mnamsema nani. Tarehe 5 Novemba 2023 watani wetu Yanga walitupiga tano kwa moja, na siku mbili baadaye kocha wetu Robertinho hakuwa na kazi.

Msimamo wangu ni kwamba yule Mbrazili alionewa. Alikuja Januari 2023 akitokea Vipers ya Uganda, timu aliyoiongoza kuing'oa TP Mazembe. Kwetu akampiga Horoya saba bila, akafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuwapeleka Wydad mpaka penalti palepale kwao Casablanca. Aprili akamfunga mtani mbili bila. Agosti akachukua Ngao ya Jamii mbele ya mtani huyohuyo pale Mkwakwani, kipa wetu Ally Salim akipangua penalti tatu. Novemba inaingia, hajapoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule. Mtu wa namna hiyo utamwitaje kocha mbovu?

Basi aliitwa, tena akiwa anashinda! Kibanda umiza ninachoangalizia mpira, huku Mbagala, kilikuwa kimeshamkataa mapema. "Tunapata pointi, mpira hatuchezi." Watu walishaonjeshwa pira biriani, ule mpira mtamu wa pasi nyingi, miaka ya nyuma, sasa wanaletewa ushindi wa goli moja, roho juu mpaka filimbi ya mwisho.

Siku yenyewe naikumbuka zaidi kwa mapumziko kuliko kwa magoli. Ilikuwa moja moja. Musonda wa Yanga alitufunga mapema mno, Kibu Denis wetu akasawazisha, na wengi wetu tulishaanza kutamba. Kijana mmoja wa bodaboda, Simba damu, yeye alikuwa kanuna. Akaokota vizibo vya soda, akavipanga kwenye benchi. "Hawa mabeki wetu. Hawa viungo wetu, wote wamepanda. Haya, hapa katikati kuna nani?" Akachukua kizibo kingine, kuwa mchezaji wa Yanga, akakipitisha kwenye lile pengo taratibu. "Huyu Pacome." Akakipitisha tena. "Huyu Aziz Ki." Mwenzake akamwambia aache uchuro, Robertinho ana leseni ya ukocha, yeye ana leseni ya pikipiki, na hata hiyo imeisha muda. Tukacheka sana. Mzee muuza kahawa, Yanga wa enzi na enzi, akainama kuvitazama vile vizibo, akasema, "Wanangu, msikilizeni huyu mtoto." Bodaboda akamjibu, "Babu, wewe mimina kahawa," maana kukosoa timu yako ni jambo moja, kuungwa mkono na mtani ni jambo jingine kabisa. Ubishi ukahamia kwa kipa wetu Aishi Manula: kama ilikuwa sahihi kumpa mechi nzito vile wakati ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye majeraha. Wakaingia hata wasiojua tunabishania nini. Mechi ikarudi, kizibo cha Pacome bado kipo benchini.

Kipindi cha pili mnakijua. Max Nzengeli mbili, Aziz Ki moja, Pacome akamalizia kwa penalti. Baada ya la nne jamaa mmoja alidai arudishiwe hela yake ya kiingilio. Mwenye kibanda akamwambia akadai Msimbazi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema mashabiki hatujui ufundi, tuwaachie wenye leseni zao. Ila vile vizibo vinanikatalia. Pengo lile lilikuwepo tangu mechi tulizoshinda. Kijana aliliona, na benchi la ufundi lilikaa nalo dakika kumi na tano za mapumziko bila kuliziba. Kwa hiyo kumwondoa naona kulikuwa na hoja. Kasoro ni kwamba hoja ilikuwa mezani tangu mwanzo wa msimu na wakubwa walisubiri aibu ndipo waione. Zingekuwa mbili moja, nadhani angekula Krismasi Dar.

Wala dawa haikupatikana. Akaja kocha Benchikha, Aprili akaondoka, Juma Mgunda akamalizia msimu, tukawa wa tatu nyuma ya Azam. Na Gamondi, kocha wa Yanga aliyetupiga zile tano na kuchukua ubingwa? Novemba iliyofuata alifungwa na Azam, akafungwa na Tabora United, naye akaonyeshwa mlango. Watani wetu walioniimbia "tano" mwaka mzima wakaanza kuniambia eti Gamondi mbinu zake zilikuwa zimeisha.

Jibu langu basi, mkilichapa msilikate: kufungwa na mtani peke yake hakutoshi kumfukuza kocha, hata kwa tano. Robertinho alikuwa kocha mzuri wa mechi za kuvizia, hasa zile za Afrika, na kocha wa kawaida kwa timu inayotakiwa kuutawala mpira kila wiki. Mimi ningemwacha mpaka dirisha dogo la usajili katikati ya msimu, kwa sharti kwamba apewe kiungo mkabaji, na kama angepewa bado akaacha pengo lile, ningemfukuza hata kama ametoka kushinda. Ya Fadlu Davids, kocha wetu aliyekuja baadaye, msiniulize. Yule aliondoka mwenyewe kwenda Raja ya Morocco, na hasira zangu kwake ni za aina nyingine.

Msomaji, Mbagala