Harufu ya Jumatatu

Wadogo zangu mnaoanza gereji, dereva akikuambia "linavuja petroli, ila si kila siku", usikimbilie kulala chini ya gari. Kaa naye kwanza. Linavuja likiwa limesimama au likitembea? Asubuhi au jioni? Tenki likiwa limejaa au limebaki robo?

Mimi nilijifunza kwa aibu. Ilikuwa Hiace ya zamani, kipanya cha kubeba wanafunzi. Mafundi waliotangulia walishabadilisha filta na mipira yote ya kule injini, chini ya viti vya mbele. Ikaja kwangu Alhamisi. Nikaingia chini na tochi, pakavu kabisa, nikamwambia dereva imepona. Jumatatu ikarudi inanuka. Konda ndiye aliyenifumbua macho: "Fundi, hii hunuka Jumatatu tu." Kumbe bosi hujaza tenki Jumapili jioni. Kufikia Jumanne mafuta yameshashuka na harufu imekata.

Tukaenda sheli, tukajaza mpaka shingoni, tukaegesha gari limeinama kidogo, tukatandika boksi chini. Tone likatokea kwenye kona ya chesisi. Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza: tone hudondokea pale chini kabisa, si pale lilipotokea. Tukapakausha, tukapaka unga wa chaki kuanzia hapo kupanda juu. Haikuchukua muda, mstari wa majimaji ukatupeleka hadi kwenye mpira wa kujazia mafuta. Umepasuka kwa juu, nyuma ya klipu, mahali jicho halifiki. Njiani tulikuta sabuni ya mche, ile ya kuzibia tenki linalovuja, imekauka kwenye mshono wa tenki. Kuna mtu alishalisingizia tenki lisilo na kosa.

Mpira mpya uwe wa mafuta. Ule wa maji, petroli huuvimbisha na kuulainisha, nawe utarudi chini ya gari hilohilo.

Zipo pia gari zinazovuja kwenye baridi tu. Mpira uliozeeka hukakamaa na kusinyaa, injini ikipata moto unatanuka na kuziba. Dar utaziona mara chache, Njombe utazizoea. Hizo zikague dakika za mwanzo za kuwasha, kwa sababu petroli ikidondokea injini ya moto hukauka bila kuacha alama.

Na tafadhali, kazi hii usiifanyie kwenye shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama humo chini ukisubiri cheche. Gari liwe mahali pa wazi, waya wa hasi wa betri utoke kabla hujafungua klipu yoyote, taa ya balbu ikae mbali, kizimamoto kiwe karibu na mkono.

Bosi alilipia mpira bila kelele. Aligombana nasi kuhusu mafuta tuliyojaza, wakati ni yeye aliyeyatembelea wiki nzima.